Kuhamisha kompyuta ya mezani bila kuishia kwa fundi

Kabla ya kufunga chochote, nakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje, na hiyo isisafiri pamoja na kompyuta. Kipuri kikiharibika utanunua kingine; mafaili hayauzwi dukani.

Piga picha ya nyuma ya kasha ndipo uchomoe nyaya. Kama kuna kadi kubwa ya picha, yaani kipuri kinachotuma picha kwenye skrini, fungua skrubu yake, bonyeza kilimi cha sloti, yaani tundu ilimochomekwa, uitoe. Ni nzito, na kwenye barabara ya makorongo hunesanesa mpaka ikapasua sloti, na hapo ubao mama, ile bodi kuu inayobeba vipuri vyote, wote umekwenda. Ifunge kwa kitambaa cha pamba. Mfuko wa nailoni hapana, huzalisha umeme tuli, ule wa msuguano unaoweza kuua kipuri.

Kasha lilaze kwa ubavu juu ya godoro, upande wa ubao mama uwe chini. Skrini isafiri imesimama, kioo kikielekea godoro. Ndani ya kirikuu, usiweke kitu chochote juu ya kasha wala skrini, hata ndoo tupu.

Umefika, umerudisha kadi ya picha, umewasha, skrini nyeusi? Usikimbilie fundi. Kama una kadi ya picha, hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye hiyo, si kwenye ubao mama. Bado? Zima, chomoa umeme, toa ramu, kile kijiti cha kumbukumbu kilichochomekwa kwenye ubao mama, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio mweupe, pangusa, irudishe mpaka vilimi vilie "tak". Mara nyingi tatizo ni hilo tu, na kuna mafundi wanaolitoza hela ya kipuri kizima.