Simu Inaita lakini Sauti Haisikiki: Namna ya Kupanga Poti za Simu za Intaneti

Ofisi inapofunga simu za intaneti kwa mara ya kwanza, lalamiko linalojitokeza sana ni kwamba simu inaita na kupokelewa vizuri, lakini upande mmoja hausikii kitu. Wengi hukimbilia kulaumu kasi ya intaneti, ilhali mara nyingi tatizo liko kwenye poti, yaani ile namba, isiyozidi 65535, inayoiambia kompyuta kwamba pakiti (kifungu cha data) iliyofika ni ya programu ipi.

Simu moja hupita njia mbili. Itifaki ya SIP ndiyo inayomtafuta mpokeaji, kuitisha mlio na kukata simu, nayo kwa kawaida hutumia poti 5060, au 5061 pale inapolindwa kwa TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano. Sauti haipiti humo: hubebwa na itifaki ya RTP juu ya UDP, njia ya kupeleka pakiti bila kusubiri uthibitisho, kwa poti zinazotajwa upya kila simu inapounganishwa. Kwa desturi RTP hushika namba shufwa, na namba witiri inayofuata huachiwa RTCP, ambayo hupeleka taarifa za ubora wa sauti. Ndiyo maana aliyefungua 5060 peke yake atasikia mlio na asisikie maneno.

Tuchukue seva ya Asterisk, programu ya kuendeshea simu za ofisi, iliyo nyuma ya ruta ya ofisi. Fungua faili ya rtp.conf uangalie rtpstart na rtpend. Mfano unaokuja na programu huweka 10000 hadi 20000, safu ambayo ni pana mno kwa ofisi ndogo. Simu inayopita kwenye seva huwa na pande mbili, na kila upande unahitaji poti mbili, hivyo simu 20 kwa wakati mmoja zinahitaji poti 80. Safu ya 10000 hadi 10199 inatosha na kubaki. Kisha elekeza safu hiyo hiyo ya UDP kutoka kwenye ruta hadi kwenye seva, bila kupunguza hata namba moja.

Hatua inayosahaulika zaidi ni ya anwani. Ndani ya ujumbe wa SIP seva huandika mahali inapotaka kupelekewa sauti, kwa mfano:

c=IN IP4 192.168.1.10
m=audio 10042 RTP/AVP 8

Anwani hiyo ni ya ndani ya ofisi, kwa hiyo aliye nje akiifuata, sauti yake haifiki popote hata kama poti 10042 iko wazi. Katika faili ya pjsip.conf jaza external_media_address na external_signaling_address kwa anwani ya umma, taja mtandao wa ndani kwenye local_net, kisha uwashe upya Asterisk. Kwenye ruta uzime SIP ALG, kipengele kinachobadilisha anwani ndani ya ujumbe wa SIP, ambayo ilikusudiwa kusaidia lakini, kwa maoni yangu, huharibu zaidi ya inavyotengeneza.

Ikiwa anwani ya nje ya ruta iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma wa intaneti amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na kuelekeza poti hakutasaidia mpaka umwombe anwani yako mwenyewe au upitie VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti.

Poti 5060 isiachwe wazi kwa dunia nzima. Ruhusu anwani za mtoa huduma wako wa simu tu, kwa sababu kuna programu zinazozunguka intaneti zikibahatisha nywila ili zipige simu za nje ya nchi kwa gharama yako.

Mwisho, piga simu ya majaribio ukiwa umeandika rtp set debug on kwenye konsoli (dirisha la amri) ya Asterisk. Mistari ya Sent na Got ikipishana, sauti inaenda na kurudi. Ukiona Sent peke yake, pakiti za kuingia zinazuiwa njiani. Simu ikisikika vizuri kisha ikakatika baada ya sekunde 32 hivi, ziache poti za sauti: ujumbe wa ACK wa SIP, unaothibitisha kwamba simu imepokelewa, haufiki, basi rudi kwenye 5060 na external_signaling_address.