Kabla hujaketi kwenye kiti cha hipnosisi

Hipnosisi ni njia ya kuituliza akili na kuielekeza kwenye wazo moja kwa maneno ya anayekuhudumia. Kwanza ondoa dhana kwamba ni usingizi. James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, aliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1843 na kulipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kulala. Baadaye aliona jina lenyewe linapotosha, kwani alichokishuhudia ni akili iliyoshikwa na wazo moja. Basi usiende ukitarajia kuzimika. Utasikia sauti, utajua uko wapi, na ukitaka kuinuka utainuka.

Jaribu hili nyumbani. Nyosha mkono mbele, fumba macho, uwazie umeshika ndoo, na kuna mtu anaijaza maji kata kwa kata. Usiushushe kwa makusudi, wala usiuzuie. Wapo ambao baada ya dakika chache mkono huwa umeshuka, na wataapa kwamba umeshuka wenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya kauli ya hipnosisi: picha inashika akili hadi mwili unaifuata. Wanasaikolojia Weitzenhoffer na Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa mwaka 1959 kipimo cha majaribio 12 kinachoonyesha mtu huitikia hipnosisi kwa kiasi gani, na kushuka kwa mkono ni mojawapo. Wengi wetu tuko katikati. Wako usiposhuka, si ukaidi wala udhaifu.

Kama ni maumivu yanayokupeleka, pita kwa daktari kwanza. Hipnosisi inaweza kupunguza uchungu huku ugonjwa ukiendelea kukutafuna, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Anayekuhudumia awe mtu ambaye angeweza kukutibu tatizo hilo hata bila hipnosisi: daktari, daktari wa meno, mwanasaikolojia. Mweleze mapema kama una kifafa, au kama umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii.

Akikuahidi kufukua kumbukumbu zilizopotea, kataa. Mwaka 1985 baraza la Chama cha Madaktari cha Marekani lilipitia ushahidi likaona kumbukumbu za namna hiyo kwa jumla haziaminiki kama zile za kawaida, ingawa mwenyewe anaweza kuzishikilia kwa uhakika mkubwa. Familia zimevunjika kwa sababu ya kumbukumbu kama hizo.

Siku yenyewe usiende na njaa, nenda msalani kabla, zima simu. Lengo lako liandike kwenye karatasi kwa maneno yako mwenyewe, kwa sababu hayo ndiyo anayekuhudumia atakayokurudishia. Na ukimaliza, kaa kidogo kabla ya kushika usukani.