Somo: Kompyuta iko chumbani, skrini iko sebuleni, bila waya na kwa hela ndogo

Wakuu salaam. Huku Moshi swali hili haliishi. Kompyuta iko chumba cha ndani, TV iko sebuleni, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Au mtu ana steshenari, mashine iko nyuma ya pazia, na anataka mteja aione kadi yake ya kipaimara kwenye skrini ya mbele kabla haijachapwa, maana jina likikosewa kwenye kadi mia mbili, hasara ni ya fundi.

Usikimbilie dukani. Mara nyingi kifaa unachotaka kununua unacho tayari, na kinachosumbua si kifaa bali ni njia ambayo mawimbi yanapita kati ya vyumba.

Hatua ya 1: Amua unarusha nini

Kama ni video, mahubiri, mpira au picha za harusi, njia yoyote kati ya tatu zilizo kwenye Hatua ya 3 itakufaa. Picha ikichelewa nusu sekunde hakuna atakayejua. Kama unataka kukaa sebuleni na kuandika barua huku mashine iko chumbani, hapo kuchelewa ni kero: unasogeza mausi, mshale unakuja baadaye. Kwa kazi hiyo ruka moja kwa moja hadi njia ya tatu huko chini.

Hatua ya 2: Pima mashine yako

Windows 10 na 11 zina Miracast ndani yake, ule mfumo uliotoka mwaka 2012 wa kurusha picha kutoka kifaa hadi kifaa bila kupitia ruta. Lakini kadi ya Wi-Fi nayo lazima ikubali. Fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri), andika hivi:

netsh wlan show drivers

Teremka hadi mstari wa "Wireless Display Supported". Ukiona Yes, uko vizuri. Ukiona No, au ukaambiwa hakuna Wi-Fi kabisa (deskitopu nyingi za mtumba ziko hivyo), usikate tamaa, njia ya pili haihitaji Miracast. Angalizo: vile vi-Wi-Fi vidogo vya kuchomeka kwenye USB, vya bei ya chini kabisa, baadhi havikubali Miracast. Muuzaji akisema kinakubali, mwambie akichomeke hapo hapo na uandike amri hiyo mbele yake.

Hatua ya 3: Chagua njia

Njia ya kwanza: Miracast. Smart TV nyingi zinayo, ingawa kila kampuni imeipa jina lake, kwa hiyo tafuta kwenye menyu chochote kinachohusu kurusha au kuakisi skrini. TV ya kawaida yenye HDMI inahitaji kidude kidogo cha kupokea Miracast, cha kuchomeka nyuma yake. Kwenye kompyuta bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K, subiri jina la TV litokee, bofya. Kisha Windows pamoja na P, uchague kama skrini mbili zionyeshe kitu kimoja au ya pili iwe nyongeza. Kwa mwenye steshenari hiyo nyongeza ndiyo yenyewe: mteja anaona kadi tu, haoni mafaili yako.

Je, una laptopu ya zamani isiyo na kazi? Inaweza kuwa ndiyo skrini. Ikiwa na Windows 10 au 11, tafuta "Optional features", ongeza "Wireless Display" (itapakuliwa mtandaoni), halafu fungua "Projecting to this PC" na uruhusu. Hakuna ulichonunua.

Njia ya pili: Chrome. Ikiwa TV ni ya Android, au una Chromecast (Google iliacha kuzitengeneza mwaka 2024, lakini zilizopo bado zinafanya kazi), weka TV na kompyuta kwenye mtandao mmoja, fungua Chrome, bofya vile vidoti vitatu, tafuta Cast. Unaweza kurusha kichupo (tab) kimoja au skrini nzima. Uzuri wake ni kwamba deskitopu inaweza kuwa imeunganishwa na ruta kwa waya, haihitaji Wi-Fi yake yenyewe.

Njia ya tatu: Sunshine na Moonlight. Zote mbili ni programu za bure. Sunshine unaiweka kwenye mashine kubwa, Moonlight kwenye laptopu, simu au TV ya Android kule sebuleni. Moonlight inakupa namba ya tarakimu nne, unaiandika kwenye ukurasa wa Sunshine, basi. Zilibuniwa kwa ajili ya wacheza gemu, watu wasiovumilia mshale kuchelewa, ndiyo maana hata kuandika kunawezekana. Usanidi wake una hatua nyingi kidogo, lakini kwangu mimi hii ndiyo njia bora kuliko zote kama laptopu ya kupokea ipo.

Hatua ya 4: Ukuta

Hapa ndipo watu wanapotupa hela. Ukuta wa bloku za inchi 6 wenye plasta pande zote unapunguza mawimbi. Penye nguzo ya zege na nondo yanapungua zaidi. Mlango wa mbao hauna shida sana. Friji, mlango wa chuma na kioo kikubwa cha kabati vinarudisha mawimbi yalikotoka. Kwa hiyo usiangalie umbali kwa hatua za miguu, angalia mstari ulionyooka kati ya mashine na TV unakutana na nini. Kusogeza CPU (lile boksi la kompyuta) kutoka uvunguni mwa meza hadi juu yake, upande wa mlango, kunaweza kukusaidia kuliko kununua kifaa kipya.

Kingine: kile kidude ukikichomeka moja kwa moja nyuma ya TV, TV yenyewe inakikinga. Tafuta kiwaya kifupi cha HDMI cha kurefusha, ukitoe kidude kichungulie pembeni.

Ruta yenye masafa mawili: GHz 5 ina kasi lakini huchoka ukutani, GHz 2.4 inapenya vizuri lakini unagawana na majirani wote. Chumba cha jirani, mlango wazi, anza na 5. Kuta mbili, nenda 2.4, na uweke chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Hatua ya 5: Umeme wa kidude

Usikiwashe kwa tundu la USB la TV. USB 2.0 kwa kawaida inatoa miliampea 500, na vidude vingi vinataka ampea 1. Kitawaka, kitaonyesha picha, kisha kitajizima na kujiwasha katikati ya mechi. Tumia chaja ya simu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Pasua: Mkuu, mimi sina ruta, natumia hotspoti ya simu. Hii haitanimalizia bando?

Picha inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye TV inazunguka hapo hapo nyumbani, haigusi bando. Kinachokula bando ni Windows kujisasisha kimya kimya ikiona Wi-Fi. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, washa "Metered connection". Ukitumia Miracast, hotspoti huihitaji kabisa.

Mwanachama wa Majengo: Shikamoo mwalimu. Picha inafika ila pembeni imekatwa, ule mstari wa chini wenye saa hauonekani.

Marahaba. Hiyo ni TV, si kompyuta. Chukua rimoti, ingia kwenye ukubwa wa picha, ondoa 16:9, weka chaguo la kuonyesha picha nzima. Kila TV ina jina lake, jaribu yote yaliyopo.

Mwanachama wa Rau: Kaka, picha safi, sauti inabaki chumbani.

Bofya alama ya spika pale chini kulia, uchague jina la TV. Usipoliona, kata muunganisho, uunganishe upya.

Mwanachama wa Soweto: Mausi yangu isiyo na waya nikiwa sebuleni inarukaruka. Nibadilishe betri?

Betri angalia, ila kwanza tazama kile kipokezi chake umekichomeka wapi. Kikikaa kwenye tundu la USB 3.0 (mara nyingi ni la bluu), tundu hilo hutoa kelele kwenye masafa yale yale ya GHz 2.4 ambayo mausi inatumia. Kihamishie tundu jeusi, au tumia waya wa USB wa kurefusha ukilete karibu na mlango. Usizidishe mita 5.

Mwanachama wa Njiro, Arusha: Mimi bado niko Windows 7.

Windows 7 haina Miracast, na Microsoft waliiacha tangu Januari 2020. Mashine hiyo ifanye ya kupokea: weka Linux Mint (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows), kisha Moonlight. Ikiwa prosesa yake ni ya Intel ya kuanzia mwaka 2011, itafungua video bila kuhema.

Mwanachama wa Shanty Town: Nimefanya yote, kuna kuta tatu, bado inakwama.

Dada, hapo bila waya ni kujisumbua. Nunua jozi ya viboksi vya kupitisha HDMI kwenye waya wa mtandao, kimoja kila upande, na waya wa Cat6 upite juu ya dari, mbali na waya za umeme. Waya uwe mmoja kutoka boksi hadi boksi, usiupitishe kwenye ruta. HDMI ndefu usinunue, ikizidi mita 10 hivi inaanza kuleta shida. Na kabla ya kulipia hiyo Cat6, kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie mwenyewe.