Kabla hujaenda kwenye warsha ya kushika nyoka, kobe na vyura

Wanaojiandikisha kwa warsha za wafugaji wa reptilia na amfibia huuliza kwanza kama wataumwa. Sio swali baya, ila mimi halinisumbui. Nyoka asiye na sumu akikung'ata unaosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba, unacheka na wenzako, somo linaendelea (chanjo ya pepopunda iwe tu haijapitwa na wakati). Ninachowaza ni unachoingia nacho mlangoni na unachotoka nacho, kwa sababu siku hiyo wanyama waliotoka nyumba mbalimbali watapitia mikono ile ile.

Anza na nguo. Vaa zilizofuliwa, ambazo hujaingia nazo kwenye chumba cha wanyama wako. Nililipuuza hilo mara moja. Siku chache baada ya warsha nikamkuta chatu wangu kajilaza ndani ya bakuli la maji mchana kutwa, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Nilipomtoa, chini ya bakuli palikuwa na vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Walikuwa utitiri. Jike la mdudu huyu hushuka mwilini mwa nyoka na kutaga mayai kwenye nyufa za kizimba, kwa hiyo kumsafisha nyoka peke yake ni kazi bure. Nilihangaika miezi. Sasa nikirudi viatu vinabaki nje, nguo zinakwenda moja kwa moja kufuliwa, nami naoga kabla sijafungua kizimba chochote.

Vyura na salamanda (amfibia wenye mkia, wanaofanana na mjusi) wanataka uangalifu zaidi. Chura hunywa maji kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupita humo humo. Chochote ulichojipaka asubuhi, iwe losheni, manukato, dawa ya mbu au sanitaiza, kitamwingia. Beba glavu za nitrili zisizo na unga, uzilowanishe kwa maji yasiyo na klorini, na ubadilishe jozi kwa kila mnyama. Za lateksi ziache, zinaweza kuua viluwiluwi. Halafu kuna kuvu, Batrachochytrium dendrobatidis, iliyopewa jina mwaka 1999 na ambayo imechangia kupungua kwa spishi zisizopungua 500 za amfibia duniani. Ndugu yake, anayeshambulia salamanda, alitambuliwa mwaka 2013 baada ya karibu kuwamaliza salamanda wa moto wa Uholanzi. Zote mbili husafiri kwa maji na unyevu, hata ule uliobaki kwenye soli ya kiatu.

Ndiyo maana mwandaaji aulizwe mapema: meza ya amfibia iko peke yake? Vyombo vinaoshwaje kati ya mnyama na mnyama? Uchafu lazima utolewe kwanza, maana dawa ya klorini hupoteza nguvu ikikutana na kinyesi, kisha chombo kisuuzwe vizuri. Ukijibiwa "sanitaiza ipo mezani", uliza tena.

Je, umpeleke mnyama wako? Kama hukuombwa, usimpeleke. Hasa aliyeingia nyumbani majuzi na bado yuko karantini, nyoka ambaye macho yameshaingia ukungu wa kujivua gamba, au aliyekula ndani ya saa 48, kwa sababu anaweza kutapika njiani. Badala yake peleka picha za kizimba, vipimo vya joto vya upande wa moto na wa baridi, tarehe uliyofunga taa ya UVB (ya miale ya urujuanimno) na uzito wa mnyama kwa gramu. Mkufunzi mzuri atajifunza mengi humo. Ikibidi kumsafirisha, nyoka aingie kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa, ndani ya sanduku gumu lenye matundu. Chura awekwe peke yake kwenye chombo chenye karatasi nyevu. Gari lisiachwe juani hata kwa dakika chache. Kwa spishi zilizo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, wakiwamo kobe wote wa nchi kavu, beba nakala za vibali.

Reptilia mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Chakula kisiwe karibu na meza, na watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasishike.

Kama ratiba ina nyoka wenye sumu, omba mpango wa dharura kwa maandishi, unaotaja hospitali yenye dawa ya sumu ya spishi hizo hizo. Hakuna? Baki nyumbani.

Uliza pia kila mnyama atashikwa na watu wangapi na atapumzika lini. Kinyonga akianza kuwa mweusi na kufunua kinywa, anarudishwa kizimbani, hata kama zamu yako ndiyo iliyofuata.