Jinsi ya kuhamishia gemu ya mazombi kwenye konsoli yenye nguvu ndogo

Una gemu ya mazombi inakimbia freshi kwenye PS4 na sasa unataka iingie Switch ya Nintendo, ile ya kwanza ya 2017. Kabla hujagusa kodi (maandishi ya programu) kaa chini uandike mahali, mchezaji akinyang'anywa nini ataona hii sio gemu ile tena. Vitu viwili vitatu tu, hivo haviguswi, vingine vyote ni halali ya kisu.

Nasema hivi sababu ya Dead Rising. Ile ya 2006 kwenye Xbox 360, Frank West mpiga picha yuko ndani ya maduka ya Willamette kwa saa 72, mazombi mamia kwenye skrini moja, saa inakukimbiza na kamera unayo mkononi. 2009 Capcom wakaitoa kwenye Wii kwa jina la Chop Till You Drop. Sasa Wii ina prosesa ya kor (kiini cha kupiga hesabu) moja ya 729 MHz na memori 88 MB, wakati 360 ina kor 3 za 3.2 GHz na memori 512 MB, hapo hata ufanyeje haiingii kama ilivyo. Wakatumia injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) ya Resident Evil 4 ya Wii, mazombi wakashuka mpaka kama mia hivi kwa pamoja, kamera ikatolewa, na ule mbio wa saa ukageuzwa misheni moja baada ya nyingine. Kupungua kwa mazombi mi siwalaumu, mashine ilikuwa imegoma. Ila saa? Saa haili memori aisee! Kile kitu kilichokuwa kinakufanya uache kuokoa watu wawili ili uwahi sehemu nyingine kilikuwa bure kabisa upande wa mashine, na ndo kikaondoka.

Haya, orodha ikishakuwepo, pima. Usianze kupunguza grafiksi kwa kukisia. Washa profaila (programu inayopima muda unaliwa wapi) kwenye devkiti yenyewe, yani konsoli ya watengenezaji gemu, sio kwenye PC yako, nenda sehemu mbaya kuliko zote (mazombi wengi, mlipuko, mvua, usiku) alafu uangalie fremu moja (picha moja ya kwenye skrini) imetumia milisekunde ngapi na wapi. Kwa fremu 30 kwa sekunde una milisekunde 33.3 tu za kufanya kila kitu, na kwa Switch achana na ndoto za 60, ichague 30 ambayo haiyumbi.

Gemu za mazombi mara nyingi zinakwama kwenye prosesa kwanza, sio kwenye grafiksi. Switch ina kor 4 na moja inabaki kwa mfumo wa konsoli, kwa hiyo unabaki na 3 za kama 1 GHz hivi, PS4 ina kor 8 za 1.6 GHz. Chukua mfano una mazombi 150 na kila mmoja akili yake na mwendo wake vinakula milisekunde 0.1, jumla 15, yani karibu nusu ya fremu imeisha na hujachora hata ukuta. Suluhisho ni kwamba sio kila zombi anahitaji kufikiri kila fremu. Wale 20 walio usoni mwa mchezaji wahuishe (wafikiri na kusogea upya) kila fremu, hiyo ni milisekunde 2. Wale 50 wa katikati kila baada ya fremu 3, wale 80 wa mbali kila baada ya fremu 8. Piga hesabu: 2 jumlisha 1.7 jumlisha 1, hata 5 haifiki. Ila angalia usiwahuishe wale 50 wote kwenye fremu ileile manake utapata mkwamo kila baada ya fremu 3 na mchezaji atauona. Chukua namba ya zombi, igawe kwa 3, masalio yake ndo yaseme zamu yake ni fremu ipi, kwa hiyo mzigo unagawanyika wenyewe.

Kutafuta njia nako ni hivohivo. Mazombi wote wanamfuata mtu mmoja so hamna haja kila mmoja apige hesabu ya njia yake, tengeneza ramani moja ya mielekeo kutoka kwa mchezaji kwenda nje na kila zombi asome tu kibao cha pale alipo kinachosema "nenda kushoto". Mifupa ya animesheni (viungo vya ndani vinavyosogeza mwili) punguza kwa wa mbali, vidole vya nini kwa zombi aliye mita 40? Na miili inayoanguka kwa fizikia weka kikomo, ikizidi ya zamani igandishe.

Memori sasa. Tekscha (picha inayovalishwa kitu) moja ya pikseli 2048 kwa 2048 isiyobanwa ni 16 MB. Ishushe iwe 1024 inakuwa 4 MB, ibane kwa ASTC (njia ya kubana picha) ya 4x4 inakuwa 1 MB. Kumi na sita mpaka moja, na kwenye skrini ya inchi 6.2 hakuna atakayekulalamikia. Lakini usizishushe zote sawasawa, mikono na silaha ya mchezaji ziko machoni muda wote ziache ziwe nzuri, jalala la nyuma ya duka libane mpaka lilie.

Kitu ambacho wengi hawakitegemei ni upana wa njia ya memori, yani data kiasi gani inapita kwa sekunde. PS4 inasukuma 176 GB kwa sekunde, Switch 25.6 tu. Kinachoumia hapo ni vitu vinavyopitisha mwanga na kupandana, moshi, damu inayoruka, vumbi, kila tabaka linachorwa juu ya jingine na pikseli ileile inasomwa na kuandikwa upya mara kibao. Chora hivo vitu kwa robo ya resolusheni (idadi ya pikseli) alafu uvirudishe juu, na tabaka za moshi zikate bila huruma. Ukungu wa kawaida unaotegemea umbali ni rahisi, tena unakufichia mazombi wa mbali walivyo vibaya. Vivuli halisi wape wale wa karibu, wengine duara jeusi miguuni linatosha.

Ukubwa wa faili usiuache mwisho. Kadi kubwa za Switch, zile gemu inauzwa humo, ni za bei kwa hiyo kila GB unayookoa ni hela. Anayesema haiwezekani akaangalie Resident Evil 2 ya Nintendo 64 ya 1999, Angel Studios waliitoa kwenye CD mbili za PlayStation wakaiingiza kwenye katriji ya 64 MB, na video zimo! Zimebanwa vibaya lakini zimo. Wewe anza na sauti zilizojirudia na video za lugha mbalimbali, humo ndo kuna uchafu mwingi.

Maandishi yakuze, yale ya TV hayasomeki mkononi.

Alafu jaribu yote konsoli ikiwa mkononi, haijachomekwa kwenye doki (kile kituo cha kuiunganisha na TV), manake hapo GPU, chipu ya grafiksi, inashushwa kasi mpaka nusu au chini ya nusu. Weka resolusheni inayopanda na kushuka yenyewe, cheza saa moja mfululizo bila kurudi kwenye menyu uone kama memori inavuja, na ikidondosha fremu rudi kwenye profaila, usirudi kupunguza mazombi. Ukikosa kabisa njia nyingine ila kupunguza mazombi, wapunguze kwa mpangilio, wabanane kwenye korido na milangoni badala ya kusambaa uwanjani, 60 kwenye korido wanatisha kuliko 150 kwenye maegesho ya magari.