Bunduki Tumboni mwa Ndege: Ninavyofunga, Ninavyotangaza, Ninavyopokea

Siku ya kusafiri na bunduki sianzi na bunduki. Naanza na begi la mgongoni. Nalimwaga lote kitandani, nafungua kila zipu, naingiza vidole mpaka kwenye pembe za mifuko, kisha naligeuza na kulikung'uta. Miaka kadhaa iliyopita bunduki yangu ilikuwa imeshapokewa, vibali vimekaguliwa, nami naelekea kwenye ukaguzi kifua mbele. Mkanda wa eksirei ukasimama. Ofisa akanigeuzia kioo: risasi moja ndogo ya .22 (yaani kipenyo cha karibu inchi 0.22), imejilaza kwenye mshono wa mfuko wa pembeni. Begi lilelile nilikuwa nikienda nalo kulenga shabaha. Nilihojiwa hadi ndege ikaondoka, na bunduki yenyewe ikateremshwa. Tangu hapo begi la shabaha halipandi ndege, na koti la shabaha nalo linapekuliwa kabla sijalivaa.

Sasa turudi nyuma, maana kazi kubwa iko kabla ya uwanja wa ndege. Usikate tiketi kwanza. Lipigie simu shirika la ndege, uliza kama linabeba silaha katika njia hiyo, linataka taarifa siku ngapi kabla, na kama risasi zinaruhusiwa kukaa kasha moja na bunduki. Wengine wanakubali, wengine wanataka kasha mbili, wengine hawataki bastola kabisa. Omba jibu kwa barua pepe, ulichape. Kama safari ina mashirika mawili, uliza yote mawili. Tiketi moja haimaanishi sheria moja.

Vibali ni jambo jingine. Leseni yako ya nyumbani haivuki mpaka yenyewe. Mgeni anayeingia Marekani na bunduki ya kuwindia au ya mashindano anahitaji kibali cha fomu 6NIA ya ATF, idara ya serikali ya huko inayosimamia silaha, na hicho huombwa mapema, si siku ya kuondoka. Afrika Kusini ina fomu ya polisi wake, SAPS 520. Ndani ya Umoja wa Ulaya wawindaji na walenga shabaha wana pasi yao ya silaha ya Ulaya. Na usisahau nchi unayopitia tu: kuna zinazodai kibali hata kama bunduki haitoki uwanjani. Mimi hubeba nakala tatu za kila karatasi, na kwenye kila karatasi nakagua namba ya silaha tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, kwa ofisa hiyo ni bunduki nyingine.

Kasha. Liwe gumu, na likifungwa lifungike kweli. Jaribio langu ni hili: nafunga kufuli zote, kisha nashika pembe ya kifuniko na kuivuta juu kwa nguvu. Vidole vikipata upenyo wa kuingia, kasha hilo halijafungwa, hata kama lina kufuli nne. Kila tundu la kufuli ulilopewa, litie kufuli. Nchini Marekani ufunguo unabaki na abiria mwenyewe, na ofisa akitaka kufungua atakuita. Kwa hiyo usikimbilie ndani kunywa chai, subiri karibu mpaka uambiwe mzigo umepita. Mimi ufunguo nauvaa shingoni. Stika za kampuni za bunduki sibandiki: sioni sababu ya kumtangazia mwizi kilichomo.

Bunduki iwe tupu. Si tupu ya kukumbuka, tupu ya kuona na kugusa. Natoa magazini, kile kikasha cha risasi, navuta bolti, chuma kinachoingiza risasi na kuifyatua, natazama chemba, pale risasi inapokaa, kwenye mwanga, kisha naingiza kidole kidogo kuhakikisha. Halafu naitoa bolti kabisa na kuilaza kwenye sponji kando ya mtutu, ili atakayefungua aone papo hapo kwamba kitu hiki hakiwezi kufyatua. Lakini bolti isiingie mfukoni mwako! Vipuri vya silaha, magazini tupu zikiwemo, mahali pake ni mzigo wa chini.

Kwenye risasi watu hubishana sana, lakini kipimo cha mashirika ya ndege duniani kinajulikana: kilo 5 kwa abiria mmoja, pamoja na boksi lake, kwa matumizi yake mwenyewe. Huwezi kuunganisha kilo zako na za mwenzako kwenye kasha moja, hata kama ni mke na mume. Kwa .22 kilo 5 ni zaidi ya risasi elfu moja. Kwa shotgani, boksi nne za risasi 25 karibu zinamaliza. Pima kwa mzani wa jikoni. Risasi zikae kwenye boksi la kiwandani au la plastiki lenye tundu la kila risasi, si kwenye soksi, si zikicheza mkobani. Baruti na fataki za gobore (vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti) haziendi kabisa, chini wala juu. Dawa ya kusafishia mtutu yenye kushika moto, iache. Betri za akiba za lithiamu za darubini ndizo pekee zinazopanda nawe kwenye kabini.

Kwenye kaunta, chagua maneno. Ukifungua mdomo na "nina bunduki", umeshaharibu asubuhi ya watu wote. Mimi humpa pasipoti na karatasi kwanza, kisha kwa sauti ya kawaida: "Habari za asubuhi. Nina silaha ya michezo ya kukabidhi, ipo kwenye kasha hili, haina risasi, na vibali ni hivi." Usifungue kasha mpaka uambiwe, na ukiambiwa, mdomo wa mtutu usielekee kwa mtu. Fika mapema saa nzima zaidi ya kawaida yako.

La kuunganisha ndege nalitilia mkazo. Mwaka 2005 abiria mmoja wa Marekani alikosa ndege yake huko Newark, New Jersey. Akapokea begi lenye bastola aliyokuwa ameitangaza vizuri alikotoka, akalala nalo hotelini, kesho yake akaitangaza tena kaunta. Akakamatwa kwa sheria ya jimbo ambalo hata hakukusudia kushukia, akalala mahabusu siku kadhaa, na mahakama ya rufaa baadaye haikumpa haki. Kwa hiyo ndege ikikuacha njiani, usilipokee kasha. Waombe shirika walishikilie mpaka ndege ya kesho. Wakikataa, mwite polisi wa uwanja kabla mkono wako haujaligusa.

Ukifika, kasha mara nyingi halitoki kwenye mkanda na mabegi mengine. Uliza ofisi ya mizigo. Nikikabidhiwa, natazama kufuli kabla ya kusaini, napita forodha kutangaza, nasubiri ofisa alinganishe namba na kibali, kisha naomba muhuri kwenye nakala yangu pia. Ule muhuri ndio watakaoutaka siku ya kurudi.