Rangi kama tiba: vile unaweza kuitumia nyumbani bila kuliwa pesa

Siku hizi Kampala kila kitu ni tiba, kuna tiba ya mafuta, ya mawe, ya masaji, na sasa ya rangi imefika, unakuta mtu anakuuzia taa ya zambarau akikuapia ati itashusha sukari. Hebu nikueleze vile unaweza kuifanya kwako kwa pesa kidogo, maanake ukitoa maneno ya wauzaji kuna kitu kizuri kinabaki.

Ujue rangi inakufikia kwa njia mbili. Moja ni mwanga wenyewe, na hapa hakuna ubishi, ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa sio kukuonyesha vitu bali kuambia ubongo kama ni mchana ama usiku, na zinachangamka zaidi zikipata mwanga wa bluu. Njia ya pili ni kile rangi inakukumbusha, na hiyo inategemea umekulia wapi na umepitia nini, hakuna mzungu wala mganga anaweza kukupangia.

So usianze na ukuta, anza na taa. Nyumba nyingi zetu, hasa hizi muzigo za chumba kimoja, zina taa moja nyeupe kali katikati ya dari, inawashwa saa moja jioni na inakaa hivyo mpaka mtu alale. Ile taa ina bluu nyingi, inaambia mwili bado mchana, inachelewesha homoni ya melatonini inayoleta usingizi, halafu mtu anashangaa kwa nini anageuka geuka kitandani. Ukienda dukani, Kikuubo ama hapo mtaani kwako, soma boksi: ikiandikwa 6500K huo ni mweupe wa kuelekea bluu, ikiandikwa 2700K ama 3000K huo ni wa njano kama wa machweo. Chukua wa njano kwa chumba cha kulala, ule mweupe uache jikoni na mahali watoto wanasomea. Muuzaji anaweza kukuambia ya njano haina nguvu, mwambie sebo ndiyo hiyo naitaka. Simu nayo ipunguze mwanga, nyingi zina sehemu ya kuigeuza iwe ya njano usiku.

Asubuhi fanya kinyume. Sisi tuko kwenye ikweta, jua letu linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, hatuna ule msimu wa giza wa Ulaya ambao watu wanashikwa na huzuni mpaka wanakaa mbele ya taa kali ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) kila asubuhi ndio wapate nafuu. Wewe hiyo tiba iko nje ya mlango, bure. Kunywa chai yako nje, hata kukiwa na mawingu mwanga wa nje unashinda ule wa ndani mara nyingi sana. Usiliangalie jua lenyewe, kaa tu kwenye mwanga.

Sasa ndio tuje kwa rangi zenyewe. Watu wa tiba hii wanafuata rangi saba za upinde wa mvua na kuzipanga mwilini kuanzia chini mpaka utosini, kwenye vile vituo vya nguvu walivyovichukua kwa Wahindi: nyekundu ya nguvu, machungwa ya hamu, njano ya akili, kijani ya kutulia, bluu ya kupoza, na hizi za zambarau za mambo ya roho. Kama mwongozo wa kuanzia sio mbaya, lakini usiishike kama dawa. Nikupe mfano wa hapa hapa. Njano ya chama tawala na nyekundu ya wapinzani, wakati wa kampeni, nani zinamtuliza? Nyekundu yenyewe ilifika mahali mwaka 2019 jeshi likasema bereti ya rangi hiyo ni yake, raia asivae. Ama angalia lubugo, ile nguo ya gome la mutuba yenye rangi ya udongo wa kuchoma, Muganda mmoja akiiona anawaza sherehe na Kabaka, mfalme wao, mwingine anawaza tu siku walipomviringisha nayo marehemu baba yake kabla ya kumzika. Na kwa Waislamu nyeupe ni ya Idi na pia ni ya sanda.

Kwa hiyo kuchagua, fanya hivi. Chukua leso ama vipande vya kitenge vya rangi tofauti, soko la Owino utapata mabaki ya bei rahisi, tundika kimoja mahali macho yako yanaangukia ukiamka, kiache siku kadhaa, halafu badilisha. Usijiulize kama ni kizuri, jiulize mabega yako yanafanya nini ukikiangalia. Yakishuka, hiyo ni rangi yako. Mimi kwangu imekuwa kijani iliyofifia, ile ya jani la mgomba likianza kukauka, na ile bluu ambayo kila mtu anasifu inanikumbusha foleni ya kliniki.

Ukishaipata, kaa nayo dakika 10 jioni, simu iwe mbali. Iangalie bila kukaza macho, vuta pumzi taratibu, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Ukichoka kuiangalia funga macho uiwaze. Pengine kinachokutuliza zaidi ni ile pumzi, sawa tu, rangi inakusaidia kubaki hapo.

Ukitaka kupaka ukuta, paka ule mmoja unaoangaliana na kitanda, na utumie rangi ya maji, maanake ile ya mafuta inang'aa na kurudisha taa machoni mpaka chumba kinakuwa kama bucha.

Kuna mahali sitaki ufike kabisa. Huko Marekani kulikuwa na jamaa aliyezaliwa India, Dinshah Ghadiali, mwaka 1920 alileta mashine yake ya taa za rangi akisema inatibu hata kisukari, na mwaka 1947 mahakama ikamkuta na hatia. Yule anayekuuzia taa ya zambarau anaimba wimbo ule ule. Dawa zako za presha, za sukari, za HIV, usiache hata siku moja kwa sababu ya pazia.

Mtoto mchanga akiwa na macho ya njano pia, banange, mkimbize hospitali. Ni kweli wanatumia mwanga wa bluu kumtibu, na unafanya kazi vizuri, lakini ni taa maalum yenye nguvu inayopimwa, wanamfunika macho na wanapima damu. Balbu ya bluu ya dukani haifanyi hiyo kazi, na kumuanika dirishani sio mbadala, wakati unapita na ile njano ikizidi inaweza kuharibu ubongo.

Halafu kuna hii ya kuweka maji juani kwenye chupa ya rangi ati yageuke dawa. Hapa ni kinyume kabisa. Jua linaua vijidudu kwenye maji, lakini chupa inatakiwa iwe ya plastiki isiyo na rangi, isizidi lita 2, maji yawe maangavu, ilale juani masaa 6, kukiwa na mawingu mengi siku 2. Chupa ya bluu ama ya kijani inaweza kuzuia ile miale inayofanya kazi. Unamnywesha mgonjwa maji yenye vijidudu ukidhani umemtibu.

Na taa za kuwaka na kuzima zenye rangi nyingi, zile za kwenye baa, usiziweke chumbani kama kuna mtu wa kifafa nyumbani, zinaweza kumuangusha.

Kama mwenye nyumba hataki upake ukuta wake, nunua pazia la rangi yako, zito kidogo lizuie taa ya barabarani, ukihama unahama nalo.